Hakuna Tukio

Kila jioni, saa kumi na moja na nusu,
nikishahesabu sepetu na kurudisha helmeti kwenye misumari yake,
nafungua daftari la matukio,
nalamba kidole kama mwalimu wangu wa Rongai,
naandika tarehe, kisha maneno mawili:
Hakuna tukio.

Kurasa arobaini na tatu, maneno yale yale.
Mkaguzi akija kutoka mjini huzipekua haraka,
hupiga mhuri, huuliza kama chai ipo.

Lakini mimi ndiye ninayelala na hayo maneno mawili.
Najua yamebeba nini.
Ndani yake mna msumari uliopindwa kwa nyundo
kabla haujakutana na wayo wa mtu;
mna ngazi iliyofungwa kamba juu na chini;
mna Gachoki, aliyefika na harufu ya jana kinywani,
akapewa ufagio badala ya kupandishwa ghorofa ya tatu,
akafagia kutwa nzima akinitukana mimi
kana kwamba ni mimi niliyekunywa.

Kisha Alhamisi.

Udongo wetu huku Kiamunyi si udongo, ni majivu
ya mlima uliotapika kabla ya babu za babu zetu.
Ukichimba futi tatu unasimama wima, unajifanya ukuta.
Futi saba, bado unakuchekea.
Lusweti alikuwa kwenye futi ya nane,
na Lusweti hulipwa kwa futi,
na shule ya bintiye haipokei visingizio.

Jebiwot akaja, faili kwapani, buti zimemzidi saizi.
Akachutama ukingoni, akagusa ufa
mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo.
"Toka."
"Bado futi mbili tu, dada."
"Toka kwanza. Tutabishana huku juu."

Wakabishana huku juu.
Simu ya mwenye kampuni ikalia mara tatu.
"Ajali haina kinga," mmoja akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza maneno.
Jebiwot hakuinua macho.
"Mtaro una kinga. Inaitwa mbao. Ziko wapi?"

Wakanitazama mimi.
Nilikuwa nimezitoa Jumanne, mbao kumi na mbili,
zikashike zege la ngazi, kwa kuwa fundi aliniomba vizuri.
Hilo nilikuwa sijamwambia mtu.

Wakakaa juu ya rundo la kokoto, mikono magotini,
kila dakika ikiwatoka mfukoni.
Lusweti hakumtukana yeyote. Alitema mate tu.
Jembe aliliacha shimoni kusudi,
kama mtu anayeacha koti kitini: narudi sasa hivi.

Saa tisa na kitu lori la mawe likapita barabarani.
Wala si kwa kasi. Dereva hata alitupungia mkono.
Ukuta wa kushoto ukashuka
bila kishindo, kama gunia la unga linapotuliwa chini,
vumbi likainuka, likatufikia midomoni,
tukalionja sote.

Lusweti akavua helmeti, akachungulia ndani yake
kana kwamba ameangusha kitu humo.
Akaanza kucheka. Akaacha.
Hakuna aliyemshukuru Jebiwot, naye hakungoja;
alikuwa ameshaanza kupima urefu wa ubao wa kwanza.

Jioni simu ikanitafuta mimi.
"Andika kama kawaida," sauti ikasema.
"Kama hakuna aliyeumia, hakuna tukio."

Nikalamba kidole. Nikaandika tarehe.
Nikaandika, kwa mwandiko ambao mkaguzi atausoma
hata akiwa na haraka zake:

Mbao kumi na mbili zilitolewa na mtunza stoo bila idhini.
Jembe moja limezikwa, futi nane.
Mwenye jembe amekwenda nyumbani kwa miguu yake,
kapitia dukani, kanunua sukari robo.